Ngao za Valheim: Kinga Inayoanzia Tumboni

Valheim ni mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Iron Gate ya Uswidi na kuanza kuuzwa tarehe 2 Februari 2021. Mchezaji huingizwa mikono mitupu katika ulimwengu wa hekaya za Kaskazini mwa Ulaya, ambako hukata miti, hujenga, hupika na kupigana na viumbe wa ajabu ili aendelee kuishi. Wenzangu ninaocheza nao hapa Mbeya husifia zaidi ujenzi wa nyumba na safari za majini. Mimi nitautathmini kwa upande wa ngao tu, kwa kuwa hapo ndipo ulipobuniwa kwa akili nyingi kuliko mahali pengine, na ndipo pia wageni wanapokata tamaa bila kujua kilichowaponza.

Mchezaji akishikilia kitufe cha kulia cha kipanya, ngao huinuka, na pigo lolote linalotoka mbele hupunguzwa kulingana na ubora wa ngao hiyo pamoja na ujuzi wake wa kukinga, ambao hukua kadiri anavyoutumia. Pigo la mgongoni halizuiwi kabisa; ndiyo maana Greydwarf watatu, viumbe wa eneo la mchezo liitwalo Msitu Mweusi, ambao mmoja mmoja hawana makali, humwangusha mtu aliyejikunyata nyuma ya ngao huku wakimzunguka. Kukinga hula pumzi, yaani nguvu za kujimudu za mchezaji, na pumzi ikikatika ngao haimfai tena mwenyewe. Zaidi ya hapo, sehemu ya pigo inayopenya hujaza mstari mdogo wa kupepesuka. Mstari huo ukijaa, mchezaji huyumba, ngao haihesabiwi kwa pigo hilo, na kinachobaki kumpunguzia maumivu ni mavazi yake ya vita.

Sasa, ukubwa wa mstari huo ni asilimia 40 ya uhai wote alionao mchezaji, na uhai hutokana na chakula. Asiyekula kitu ana uhai wa 25, kwa hiyo madhara ya 10 tu yanayopenya yanatosha kumyumbisha. Aliyekula akafikisha uhai wa 100 huvumilia hadi 40, kwa ngao ileile na mbele ya adui yuleyule. Utaratibu huu uliletwa na sasisho kubwa la Septemba 2021, na kwa maoni yangu ndilo badiliko bora kuliko yote yaliyofanywa katika mapigano ya mchezo huu. Mtu anaruhusiwa kula vyakula vya aina tatu kwa wakati mmoja, vingine vikiongeza uhai zaidi na vingine pumzi, na nguvu ya kila kimoja hufifia taratibu kabla ya kwisha. Anayelalamika kwamba ngao yake ni mbovu angetazama kwanza picha za vyakula kwenye kioo, maana mara nyingi utakuta kimebaki kimoja, nacho kinakaribia kuisha.

Jambo la pili, ambalo ndilo tamu zaidi, ni kupangua. Ngao ikiinuliwa ndani ya robo ya sekunde kabla pigo halijafika, nguvu yake ya kukinga huzidishwa: ngao nyingi za mviringo huzidisha mara 1.5, na zile ndogo mara 2.5. Adui aliyepanguliwa vizuri hupepesuka yeye, na akiwa katika hali hiyo kila pigo analopata humuumiza maradufu. Kupangua pia hukuza ujuzi wa kukinga haraka kuliko kukinga kwa kawaida. Ngao ndefu, zile zinazofunika mwili karibu wote, haziwezi kupangua hata kidogo, na humpunguzia mchezaji mwendo. Wageni huzikimbilia kwa sababu ya umbo lake. Mimi ningemshauri mtu ayeyushe shaba 20 na bati 10, apate vipande 10 vya shaba nyeusi (bronze, mchanganyiko wa madini hayo mawili), kisha aongeze mbao 4 na kutengeneza ngao ndogo. Itamfaa kwa muda mrefu, mradi awe na subira ya kujifunza mwendo wa kila adui. Jitu la Troll, kwa mfano, huinua mkono polepole mno, na anayebonyeza kitufe wakati mkono ungali juu huwa amewahi kupita kiasi. (Juni na Julai, baridi ya Uyole hapa Mbeya inapokakamaza vidole, robo ya sekunde ni kitu kidogo sana.)

Kwa wanaocheza pamoja, na mchezo unaruhusu hadi watu 10, intaneti ina neno lake. Adui wa eneo fulani huendeshwa na kompyuta ya mchezaji aliyetangulia kufika hapo, na wachezaji wengine huona mienendo ya adui hao ikiwa imechelewa kidogo. Atangulie, basi, mwenye mtandao wa uhakika, vinginevyo kikundi kizima kitakuwa kinapangua mapigo yaliyokwisha kutua.

Sasisho la Desemba 2022 lilileta fimbo ya kichawi inayomfunika mchezaji na wenzake walio karibu kwa kinga ya duara, ambayo hubeba madhara mpaka ipasuke. Inapendeza, ila hugharimu sehemu ya uhai wa anayeitumia pamoja na nguvu ya uchawi iitwayo eitr, na eitr nayo hupatikana kwa kula vyakula maalumu. Hata mtambo wa kukinga nyumba dhidi ya cheche za moto, uliokuja mwaka 2024, huendeshwa kwa kulishwa mifupa.

Bei ya kawaida ya Valheim nchini Marekani ni dola 19.99, na kwa kina cha ngao peke yake naona inastahili. Dosari kuu ninayoiona ni uchache wa maelezo: mchezaji hapewi hesabu ya asilimia 40 mahali anapoweza kuiona akiwa vitani. Na anayechezea kwenye kibanda cha kulipia kwa saa ajaribu kwanza kitufe cha kulia cha kipanya kabla ya kutoa hela, kwani kitufe kilicholegea hakimwachii mtu nafasi ya kupangua chochote.