Geji ya upepo ya mshale: uzoefu wangu kwenye tairi za pikipiki

Kilichonisaidia kuliko vyote kutunza tairi za pikipiki ni kuwa na geji yangu mwenyewe ya upepo. Ninayotumia ni ya mshale, ina mpira mfupi, kichwa kilichopinda na kitufe cha kupunguzia upepo. Kipimo chake kinaishia psi 60 (psi ni kizio cha kupimia msukumo wa upepo), nami niliitafuta hiyo makusudi. Geji ya mshale husoma vizuri zaidi katikati ya kipimo kuliko kwenye ncha zake, na pikipiki nyingi za barabarani hujazwa kati ya psi 25 na 42. Ukichukua geji ya malori, tofauti ya psi 3 huioni kabisa.

Kile kichwa kilichopinda nakipenda mno. Valvu ya pikipiki imebanwa kati ya spoki, diski na sproketi, na geji iliyonyooka huikamata upande upande, upepo ukivuja huku ukidhani unapima. Hii inakaa sawasawa.

Faida kubwa ni kwamba napima asubuhi nyumbani, kabla pikipiki haijasogea. Namba za mtengenezaji, zile za kwenye stika karibu na cheni au kwenye kitabu cha pikipiki, ni za tairi baridi, yaani lililopumzika saa 3 hivi. Ukifika kwenye pampu baada ya mwendo mrefu, joto limeshapandisha upepo kwa psi kadhaa. Ukiupunguza hadi namba ya stika, tairi likipoa litakuwa na upepo pungufu. Na tafadhali, ile namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi si ya kujazia. Ni kikomo.

Upepo pungufu ndio unaoua tairi. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, joto linapanda, kashata za pembeni (yale meno ya tairi) zinalika mapema. Kwa tairi la tyubu kuna hatari kubwa zaidi: tairi huteleza kwenye rimu na kuivuta tyubu, hadi valvu ing'oke. Ukiona valvu imelala badala ya kusimama wima kwenye tundu lake, simamisha safari. Upepo ukizidi nao, tairi hugusa barabara kwa ukanda mwembamba, basi katikati ndiko linakoishia, na kila shimo unalisikia mgongoni.

Tangu nianze kupima kila wiki, tairi zangu zinalika kwa usawa na pikipiki inaingia kwenye kona bila kulazimishwa. Hata hivyo, geji haikomboi kila kitu. Anayekwenda barabara iliyonyooka siku zote, tairi lake la nyuma litaisha katikati hata upepo ukiwa sahihi, na kuondoka kwa kishindo kunakula mpira. Ukibeba abiria, fuata namba ya upepo ya mzigo iliyo kwenye stika au kitabu. Mara nyingi tairi la nyuma ndilo linaloongezwa.

Kitu kingine: ukipima mara kwa mara unagundua uvujaji mapema. Hata tairi zima hupungua kidogo kidogo kadiri wiki zinavyopita. Likishuka psi 2 kwa usiku mmoja, weka maji ya sabuni kwenye valvu uangalie mapovu, kwa sababu huenda ni sindano yake tu, kile kijiti cha ndani kinachozuia upepo, imelegea. Kisha rudisha kifuniko, maana vumbi likiingia humo sindano haifungi vizuri.

Kasoro zipo. Haina taa, hivyo alfajiri namulika kwa simu. Haivumilii kuanguka: ikigonga sakafu, mshale unaweza kuhama, kwa hiyo kabla ya kupima naangalia kama umerudi kwenye sifuri. Maandishi ya bar ni madogo mno kwa anayejazia kwa kipimo hicho (bar 1 ni kama psi 14.5). Ya elektroniki husomeka vizuri gizani, ila betri ikiisha huna geji. Kwa matumizi ya kila siku, ningenunua tena hii ya mshale, lakini yenye mpira mrefu kidogo ili niisome bila kupiga magoti.