TAHADHARI: Betri "mpya" zenye stika juu ya stika, na ile nzima unayoachishwa dukani

Wakuu, mwenye gari lisilowaka asubuhi naomba asome hili kabla hajatoa hela ya betri. Mimi nimeshatoa 140,000, na betri yangu nzima nikaiacha huko huko.

Nina Toyota IST. Mwezi uliopita gari lilianza kusumbua. Likilala usiku mmoja, asubuhi linawaka kwa taabu. Likikaa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu nikiwasha nasikia tik tik tik tu na taa za dashibodi zinafifia. Jirani ananibusti (ananiazima umeme wa betri ya gari lake kwa waya), naenda kazini, jioni linawaka kama kawaida. Betri yenyewe ilikuwa na miezi 14.

Kijana mmoja akanipeleka duka la betri Gerezani, hapa Dar es Salaam. Muuzaji akafungua boneti, akachukua kipande cha waya, akagusisha vichwa viwili vya betri. Cheche zikaruka. Akatikisa kichwa: "Dada, seli mbili zimekufa hapa. Hii wiki haimalizi." Mita hakushika kabisa. Mpya 160,000, nikimwachia ya zamani anatoa 20,000. Nikakubali. Dhamana ya miezi sita aliitoa kwa mdomo, risiti akaiandika kwa kalamu kwenye karatasi isiyo na jina la duka.

Siku ya nne, tik tik tik.

Niliporudi akasema basi ni altaneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka), na anayo ya mtumba. Hapo nikashtuka. Nikaondoka, nikamtafuta mzee mmoja fundi umeme wa magari huku kwetu Tabata. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mwanangu, gari likizimwa, ni kitu gani kinabaki kinafanya kazi?"

Akapima betri, volti 11.9. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6. Tukabusti, akawasha taa na AC, mita ikasoma 14.2. Altaneta ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 inachaji, kwa hiyo ile ya mtumba ningeinunua bure. Kisha akazima kila kitu, akafungua kibano cha hasi, akaiunga mita kati ya kibano na kichwa cha betri ili umeme wote upite ndani ya mita. Milango ikafungwa, tukakaa kivulini nusu saa, kwa sababu baadhi ya vifaa vya gari huchelewa kulala. Mita ikagota ampea 0.42. Gari lililolala halitakiwi kuzidi ampea 0.05 hivi.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Alipofika ile iliyoandikwa DOME, ikashuka hadi 0.02. Fyuzi hiyo inalisha taa ya ndani na redio. Akaifungua ile skrini ya Android niliyofungiwa mwaka huu, na nyuma yake waya wa njano na mwekundu ulikuwa umesokotwa pamoja ukazungushiwa tepu. Wa njano una umeme muda wote, wa kutunza saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa upate umeme funguo ikigeuzwa tu. Aliyefunga aliviunganisha, kwa hiyo skrini ilionekana imezima lakini haikuwahi kulala. Piga hesabu: 0.42 kwa saa 48 ni zaidi ya ampea-saa 20, na betri ndogo kama yangu ikiwa nzima inabeba kama 35.

Maana yake betri yangu ya kwanza haikuwa na kosa.

Mzee akaitoa ile "mpya", akaifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha kwenye pembe ya stika. Chini yake kukatokea stika nyingine, ya kampuni tofauti kabisa. Sehemu ya tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa laini. Vichwa vilikuwa na mikwaruzo ya vibano vya zamani, vikapakwa rangi ya fedha. Wanachofanya ni kubadilisha asidi, kuichaji usiku kucha na kuibandika jina. Ukiipima pale kaunta itasoma 12.6 vizuri tu, ila ndani haina akiba. Na yangu ya miezi 14 sijui sasa hivi iko kwenye gari la nani, ikiwa na jina gani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Jamani, fundi akianza kupiga cheche, mzuie. Betri inatoa gesi ya hidrojeni na inaweza kukulipukia usoni. Akitaka kuchomoa kibano injini ikiwa inaunguruma eti anapima altaneta, mzuie pia, umeme unaweza kuruka ukaua kompyuta ya gari. Ukinunua, piga stata pale pale mita ikiwa juu ya betri. Ikiporomoka chini ya volti 9.6, usiichukue. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na dhamana ya maandishi. Ya zamani rudi nayo nyumbani hadi gari lipimwe, hata wakikupunguzia elfu ishirini.

Kubusti kila siku nako kunaimaliza betri, kwa sababu ikiishi bila kujaa inajenga utando ndani na haipokei tena chaji vizuri. Ikishuka ipeleke kwenye chaja hadi ijae. Ukisafiri wiki mbili, fungua kibano cha hasi.

Nilirudi Gerezani na ile stika mkononi. Muuzaji akaniambia hanijui. Wapo wauzaji wa kweli pale na siwasemi wao. Lakini uliyenunua betri ndogo mitaa ile mwezi huu na ukaacha yako, toka sasa hivi ukapitishe ukucha kwenye pembe ya stika.