Nimetoa ngozi iliyolegea juu ya macho, uzoefu wangu (niko Mbeya)

Wamama wenzangu mnaoniulizaga pale Mwanjelwa nimepaka nini usoni, sijapaka kitu jamani, nimefanyiwa upasuaji wa kope za juu huko Dar na nimeridhika sana, ila someni yote maana kuna vitu matangazo ya mtandaoni hayasemagi.

Mimi nina miaka 50 na kitu. Ukoo wa mama yangu wote tukifika umri huu ngozi ya juu ya jicho inashuka, yangu ilishuka mpaka ikalalia kabisa, wanja nlishaacha kupaka maana hauonekani, na watu kutwa mama umelia? mama unaumwa? wakati mi mzima na nimelala vizuri. Nlitaka nionekane kijana zaidi, hilo silifichi na sioni aibu, hela ni ya parachichi zangu za Rungwe (bima haikutoa hata shilingi). Ila pia kila jioni kichwa kilikua kinaniuma hapa mbele, na dokta ndo alinifafanulia kwamba nlikua nainua nyusi siku nzima ili nipate kuona, misuli ya paji inachoka.

Nlimwamini yule dokta kwa sababu hakukimbilia kisu. Alinipima presha ya macho, akaangalia kama machozi yanatosha, akauliza kisukari, goita, dawa zote ninazokunywa mpaka za mizizi. Alafu akaniweka kwenye mashine, unatazama mbele tu na unabonyeza kila ukiona doti ya mwanga inawaka pembeni. Nikamaliza, akainua ile ngozi akaibandika na plasta juu, akasema haya mama rudia. Aisee! Doti za upande wa juu ambazo mwanzo sikuziona kabisa nikawa naziona, nlitaka kulia pale pale. Akahakikisha pia kwamba tatizo ni ngozi na sio msuli unaoinua kope, maana msuli ukilegea una upasuaji wake, ukikata ngozi peke yake jicho linabaki limeshuka vilevile.

Siku yenyewe alinichora na kalamu nikiwa nimekaa, sio nimelala, kwa sababu ukilala ngozi inahama. Akawa anaibana na koleo dogo huku ananiambia fumba, fumbua, fumba tena. Nikamwambia dokta toa yote, akakataa katakata, akasema mama ngozi ikipungua sana jicho halifungi, utalala macho wazi na kioo cha jicho kitakauka kiharibike. Ganzi ni sindano na inauma mwanzoni sitawadanganya, baada ya hapo nlikua nasikia kuvutwavutwa tu na harufu ya kuungua wanapoziba mishipa ya damu. Nlikua macho muda wote tunaongea. Kovu linakaa kwenye mkunjo wa kope, ukifumbua halionekani.

Dawa za maumivu kama diklofenaki nliambiwa niache mapema maana zinaongeza kutoka damu, lakini wewe unayetumia aspirini ya moyo usiache kwa akili yako, muulize daktari wako kwanza.

Nilikaa kwa mwanangu Mbagala hukohuko Dar mpaka nyuzi zikatolewa, kawaida ni siku 5 mpaka 7, na hapo ndo nawasihi msipande basi la kurudi siku ya pili yake. Macho yalivimba na kuvilia damu, nikalala na mito imeinuliwa, barafu kwenye kitambaa, dawa ya tyubu kwenye mshono. Kuvimba ni kawaida, ila ukisikia jicho moja linauma vibaya sana, linatutumka au unaona giza, hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, damu inaweza kua inavujia nyuma ya jicho na upofu ukaingia. Hutokea mara chache sana lakini Dar hospitali iko karibu, ukiwa ndani ya basi katikati ya mlima Kitonga utafanyaje?

Kisichobadilika: mikunjo ya pembeni nikicheka ipo palepale, na weusi wa chini ya macho upo, ile ni rangi ya ngozi na kisu hakiitoi. Vifuko vya chini ni operesheni nyingine, sikufanya. Jicho la kushoto lilichelewa kushuka uvimbe na kovu lake lilikua jeusi kidogo, limefifia taratibu kwa miezi.

Ila kichwa cha jioni kimeisha kabisa, na wanja napaka!

Kitu kingine kwa sisi wa nyanda za juu, macho yanakua makavu kwa muda baada ya hii kitu, na mwezi wa saba na wa nane huku ni upepo, baridi na vumbi, bado moshi wa kuni jikoni. Panga uende mvua zikikaribia kuisha, matone ya machozi ya bandia nunua ya kutosha hukohuko, na jikoni mwachie mtu mwingine kwanza.