Begi likipotea kwenye ndege: kutafuta wanatafuta vizuri, kulipa ni mvutano

Huduma tunayoipima hapa ni ile anayokutana nayo abiria baada ya ukanda wa mizigo kusimama na begi lake halijatokea, kuanzia dawatini uwanjani hadi pesa kuingia benki. Mashirika makubwa yanayotua Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar hutumia mfumo mmoja wa kutafuta mizigo, na safari nyingi za kimataifa za huku zinaongozwa na sheria moja, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Ndiyo maana uzuri na ubovu wa huduma hii hufanana toka shirika moja hadi jingine. Kwa utafutaji tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa malipo, mbili, na hiyo ya pili huipati bila karatasi.

Tuanze na kinachofanya kazi. Mfumo wa utafutaji unaitwa WorldTracer, wa kampuni ya SITA. Ripoti inayofunguliwa dawatini, maarufu kwa jina la PIR, hupewa namba ya vibambo kumi: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika la ndege, kisha tarakimu tano. Ikianza na NBO imefunguliwa Nairobi, ikianza na DAR ni Dar es Salaam. Mfumo huo hulinganisha ripoti za abiria na mabegi yaliyookotwa bila mwenyewe duniani kote, kwa jina, namba ya tagi, rangi, aina ya begi na vilivyomo. Hapo ndipo maelezo ya mkato yanapomponza mtu. Begi jeusi la magurudumu ni maelfu. Taja chapa, utepe uliofungwa kwenye mpini wake, zipu iliyokatika, na kitu cha pekee kilichokaa juu kabisa ya nguo: kanga ya kijani yenye korosho, viatu vya mpira vya mtoto, kitabu cha dua. Begi likikosa tagi hufunguliwa, na kitu hicho ndicho kinacholitambulisha.

Mabegi mengi yanayokosekana hayajapotea, yameachwa nyuma kwenye kuunganisha ndege. Abiria anayetoka Ulaya kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul anaweza kukimbia akaiwahi ndege ya pili, begi haliwezi. Hayo hufika na ndege zinazofuata. Yanayosumbua zaidi ni yale yaliyong'oka tagi, au yaliyobaki na vibandiko vya safari ya zamani vinavyochanganya mashine. Vitoe vyote kabla ya kwenda uwanjani.

Swali ambalo abiria wengi hawaulizi dawatini ni hili: begi langu lilisomwa mara ya mwisho wapi? Kanuni namba 753 ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, iliyoanza Juni 2018, inayataka mashirika wanachama yafuatilie begi katika hatua nne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa ndege, na linaporudishwa kwa abiria. Jibu linakuambia kama umngojee mjumbe kesho au uanze kukusanya risiti. Mwenye AirTag, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya begi kuonyesha lilipo, ana faida ya ziada, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2024 Apple inaruhusu kutuma kiungo cha mahali kilipo kwa mashirika yaliyokubali kukipokea. Kiungo hicho hufa baada ya siku saba, basi kitengeneze upya.

Sasa malipo, na hapa ndipo huduma inapochacha.

Kosa la kwanza liko kwenye dawati lenyewe. Abiria hupewa PIR na kuambiwa asubiri simu, na wengi huondoka wakiamini wameshadai. PIR ni taarifa kwamba begi halijafika. Haitaji pesa, haina orodha ya hasara. Madai ni barua au fomu nyingine, kwa maandishi, na ina saa yake inayohesabu. Begi likifika limevunjika au limeibiwa vitu, andika ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likifika limechelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa, siku 21 zikipita tangu siku lilipopaswa kufika, au shirika likikiri mapema kwamba limepotea, una haki ya kudai kama la kupotea. Hakuna haja ya kungoja shirika "limalize uchunguzi". Na kwenda mahakamani mwisho ni miaka miwili tangu kufika. Dawati linalompa abiria namba bila kumtajia tarehe hizi halimtendei haki, na tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu madai mengi mazuri hufia hapo.

Kosa la pili ni kiasi. Baadhi ya barua za mashirika bado huanza na hesabu ya kilo, dola 20 kwa kilo, hesabu iliyorithiwa kutoka Mkataba wa zamani wa Warsaw. Begi la kilo 23 kwa hesabu hiyo linapata dola 460. Chini ya Montreal kilo haihesabiwi kwa begi la abiria. Ukomo ni kwa kila abiria, nao ni SDR 1,519 tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kabla ya hapo ulikuwa 1,288. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kiasi hicho ni karibu dola 2,000. Ukipewa hesabu ya kilo kwa safari ya kimataifa, jibu kwa mistari miwili: taja kifungu cha 22 cha Montreal, na kifungu cha 26 kinachobatilisha sharti lolote la tiketi linaloshusha ukomo huo.

Ila ukomo ni dari, si zawadi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi mwaka 2020, katika shauri la shirika la ndege la Vueling, kwamba abiria halipwi kiasi chote papo hapo. Anapaswa kuthibitisha hasara yake. Andika jedwali: kitu, mwaka ulionunuliwa, mahali, bei, ushahidi. Shirika litakata uchakavu, kwa hiyo suti ya miaka minne usiidai kwa bei ya dukani leo. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi za Tanzania, hufifia baada ya muda, zipige picha siku hiyo hiyo. Ulichonunua Kariakoo au Eastleigh bila risiti, tafuta taarifa ya M-Pesa au ya benki ya tarehe ile, na picha ukiwa umevaa nguo hiyo. Hifadhi pia pasi ya kupandia ndege na kile kipande cha tagi chenye tarakimu kumi. Usitume nakala halisi ya chochote.

Familia zinapoteza pesa nyingi kwa kutojua jambo moja. Ukomo ni kwa abiria, na vitu vya mke na watoto vilivyokuwa ndani ya begi lililoandikishwa kwa jina la baba bado ni vyao. Mahakama hiyo hiyo iliamua hivyo mwaka 2012 dhidi ya shirika la ndege la Iberia, shauri la familia ya watu wanne waliosafiri na masanduku mawili. Maamuzi haya hayazifungi mahakama za kwetu, lakini mkataba ni ule ule na hoja inabebeka. Kila mmoja aandike madai yake na orodha ya vitu vyake.

Matumizi ya dharura, yaani nguo za ndani, mswaki, shati la mkutano, yanadaiwa kwa risiti mradi yawe ya kiasi. Mashirika hupenda kumkatalia anayerudi nyumbani, yakisema ana nguo kabatini. Mkataba hauna ubaguzi huo, ingawa ni kweli itabidi uonyeshe kwa nini ulihitaji kununua. Dhahabu, fedha taslimu na kompyuta ni ugomvi wa kila siku: shirika litadai ulizembea kuziweka kwenye begi la chini, na hoja hiyo inaweza kupunguza fidia. Bebeni mkononi.

Kama ulipanda mashirika mawili au matatu kwa tiketi moja, usikubali kuzungushwa. Kifungu cha 36 kinakuruhusu kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule ambaye begi lilipotelea kwake. Mwandikie wa mwisho kwanza, ndiye mwenye PIR.

Shirika likinyamaza, Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Tanzania anza na baraza la watumiaji wa huduma za anga lililo chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kuhusu nchi ya kushtaki, mahali pa mwisho pa safari ni moja ya sehemu zinazokubalika, na kwa tiketi ya kwenda na kurudi mahali hapo huhesabiwa kuwa ulikoanzia. Mkazi wa Nairobi aliyepoteza begi akiingia London kwa tiketi ya kurudi anaweza kufungua shauri lake Nairobi.