Jiko la presha la umeme mlimani Mabatini: miezi saba, LUKU moja, wapangaji wanne

Kwanza mjue ninakokaa. Mabatini hapa Mwanza, upande wa juu kabisa, bajaji inakuacha chini na safari iliyobaki ni ya miguu, mnapenya katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba. Kila kilichomo chumbani kwangu kilipanda kichwani au mabegani mwa mtu: kitanda, kabati, hata cherehani ninayolia chakula. Gunia la mkaa nililokuwa nanunua barabarani kwa 60,000 lilikuwa linafika mlangoni kwa 64,000, maana kijana wa kupandisha naye ana watoto. Mtungi wa gesi ndiyo usiseme, ule unaulipia kupanda na kushuka. Umeme peke yake ndio unaopanda mlima huu bila kudai nauli, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniteremsha mjini mwezi wa pili kwenda kununua jiko la presha la umeme.

Nililipata duka moja jirani na Makoroboi, la lita 6, wati 1,000. Walianzia 185,000, tukamalizana 150,000. Chapa siitaji kwa sababu haina maana yoyote: maduka matatu niliyoingia yalikuwa na chombo kilekile, vitufe vilevile, kibandiko tu ndicho tofauti.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yaliyonitesa. Mwanza tuko juu. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 96 hivi. Shangazi yangu wa Tanga akija kunitembelea husema maharage ya huku yana kiburi. Kumbe kiburi ni cha maji! Jiko hili linaufungia mvuke ndani, joto linapita nyuzi 110, na maharage ya njano ambayo hata sikuyaloweka yanaiva kwa dakika 45, ukiongeza robo saa ya kupandisha presha. Kwenye mkaa yalikuwa yananila saa mbili na nusu, nikiinuka kwenye cherehani kila mara kuongeza maji, na siku moja narudi na jivu mkononi, nalipaka kwenye satini nyeupe ya bibi harusi. Sasa nabonyeza, nashona, nasikia linalia.

Ila kilichonifanya nilipende ni mapanki. Kwa wasomaji wa mbali: mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Tia humo na tangawizi, kitunguu, nyanya na ndimu, dakika 30, utapata supu nzito, na mifupa midogo inasagika mdomoni. Makande yanataka saa nzima. Utumbo dakika 40 na umelainika.

Sasa kesi ya mita. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na LUKU moja, na aliyewahi kuishi hivyo anajua kwamba ndoa nyingine zina amani zaidi. Wiki ya kwanza tu, mama wa chumba cha mwisho, mtu mzima ninayemheshimu, alinifuata barazani: "Mwanangu, hilo dubwana lako litatumaliza." Nikamwambia, "Mama, njoo Jumamosi tulipime." Jumamosi tukazima kila kitu, hadi friji ya chumba cha pili kwa manung'uniko ya mwenyewe, tukasoma mita, nikapika nusu kilo ya maharage mpaka yakaiva, tukasoma tena. Zilikuwa zimetoka uniti 0.4. Umeme wa 10,000 unatupa uniti kama 28, kwa hiyo sufuria zima lile lilikula shilingi 140 na kitu. Huwezi kununua hata kopo la mkaa kwa pesa hiyo.

Nilipaswa kuishia hapo. Nikajifanya mjuaji, nikasema tupime na pasi yangu. Saa moja ya kunyoosha sare za wateja: 0.7. Pasi hiyo nimeitumia humu miaka minne bila mtu kuinung'unikia. Jioni ileile mchango wangu ukapandishwa kwa 2,000 kila mwezi, kwa kosa la pasi, na jiko likaachiwa huru.

(Kama una mita yako peke yako na uko kwenye daraja la matumizi madogo, uniti zako ni za bei nafuu zaidi, lakini zikivuka 75 kwa mwezi zinazozidi zinakuwa ghali. Lihesabie jiko hapo kabla hujafurahi.)

Nije kwenye mabaya. Ugali haliwezi. Ugali unataka sufuria wazi, moto mkali na mtu wa kuukandamiza, na sisi ugali ni kila siku. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi upande wa maharage nimeshafika, upande wa ugali bado niko na mkaa wangu. Zamani nilimaliza gunia kila mwezi, sasa ndani ya miezi saba nimetumia matatu. Bei ya jiko ilirudi ndani ya mwezi wa tano wa kulitumia.

Mpira wa kwenye mfuniko unashika harufu. Ukipika mapanki Jumanne, wali wa Jumatano utajua. Nilijaribu ndimu, magadi, kuuanika juani, na mwisho nikanunua mpira wa pili: mmoja wa samaki, mmoja wa vingine.

Halafu soketi. Wiki ya tatu nilichomeka kwenye ekstensheni ya 5,000, ikayeyuka na kunuka chumba kizima. Kosa ni langu. Jiko la wati 1,000 linachomekwa ukutani, basi. Nyumba za zamani fundi azitazame nyaya kwanza.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Presha iliyomo inaendelea kuivisha kwa muda, nimewahi kuyakuta maharage yameiva gizani. Wala usiachie mvuke haraka ukipika maharage, povu litaruka hadi darini na kuziba tundu. Mama mkwe wangu wa Ukerewe alishuhudia siku hiyo, tangu hapo jiko likiwaka yeye anakaa nje.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji afungue boksi. Atie vikombe viwili vya maji, achomeke palepale dukani, msubiri hadi kidude cha juu kiinuke na mvuke uache kutoka pembeni. La kwanza nililopewa mimi lilikuwa linavuja, wakanibadilishia bila maneno kwa sababu nilikuwa bado nimesimama mbele yao. Na mpira wa akiba uombe kabla hujatoa pesa, wa kwangu ilibidi nimwagize mtu Dar, ukaja na basi kwa 9,000.