Kubadilisha kulanti ya Hilux ya zamani hapa Nakuru: uzoefu wangu

Nimeridhika na kazi hii, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu Nakuru hii ukimwambia fundi akubadilishie kulanti, yaani kimiminika cha kupooza injini, mara nyingi atafungulia maji ya rejeta (kipoozea maji kilicho mbele ya injini) yamwagike, ajaze kitu cha kijani, kisha akuambie tayari. Hiyo ni nusu ya kazi. Maji mengi ya zamani hubaki ndani ya bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, pamoja na kutu yake, na huichafua kulanti mpya kabla hujafika nyumbani.

Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli, injini ya 3L, ambayo kichwa chake ni cha alumini juu ya bloku ya chuma. Hupandisha mbolea na mbegu hadi Molo na kurudi na viazi. Nilipolinunua lilikuwa limeshapita mikono kadhaa. Kwenye tambarare halikuwa na shida, lakini ukianza kupanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan na mzigo, mshale wa joto ulikuwa unavuka nusu na kuendelea. Hita haikutoa joto hata kidogo, na asubuhi za Molo anayezijua anazijua. Rejeta ikifunguliwa ikiwa baridi, maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa.

Wenzangu sokoni waliniambia nisipoteze pesa. Kulanti ni ya nchi za theluji, wakasema, sisi maji yanatutosha. Siwalaumu, lakini kutoganda ni kazi moja tu ya kulanti. Kazi nyingine ni kuzuia kutu kwenye chuma na kuulinda ule alumini usiliwe, na maji ya mfereji au ya kisima hayana kinga hiyo. Yanaleta chumvi na madini, injini inapopata moto yanajenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta, na ukoko haupitishi joto vizuri. Tena kuna jambo la mwinuko, ambalo kwetu ni kubwa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hapa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kila ukipanda mita 300 zaidi unapoteza karibu nyuzi moja nyingine. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha shinikizo, hubana shinikizo ndani, na hapo maji hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Ukitia kulanti nusu kwa nusu unaongeza nyuzi kadhaa tena. Raba ya kifuniko ikiisha, umerudi kwenye 94, na unapanda mlima. Changu kilikuwa na raba iliyopasuka. Kifuniko kipya kilinigharimu shilingi 700.

Gereji niliyokwenda ni ya jua kali, upande wa viwandani. Fundi ni mtu mzima, haongei sana. Alitazama ndani ya rejeta, akachovya kidole, akasema, "Mama, hili gari limekunywa maji ya mfereji miaka yote." Halafu akaniambia nimwachie kutwa nzima. Nilipenda hilo. Anayekuahidi saa moja hana nia ya kugusa bloku.

Alianza injini ikiwa baridi kabisa. Nasisitiza: ukiweza kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua ndipo ufungue kifuniko, si kabla, maana maji yenye shinikizo yanakurukia usoni yakiwa ya moto kuliko ya sufuria. Akasogeza kishikio cha hita hadi kwenye moto ili njia ya hita iwe wazi, akafungua plagi ya chini ya rejeta, kisha akaitafuta plagi ya ubavuni mwa bloku. Hiyo ndiyo wengi huiruka. Ilikuwa imeshikana kwa kutu. Aliipaka mafuta ya kulegeza, akaiacha, akaenda kufanya kazi nyingine, akarudi na spana ya duara ili asiivunje kona. Ilipotoka, hakuna kilichomwagika. Tundu lilikuwa limezibwa na tope. Akachukua waya, akachokoa pole pole, na ghafla yakatoka maji mekundu mazito yenye chembe za kutu ambazo ungeweza kuzihesabu kwenye beseni. Kama tungeishia kwenye rejeta, uchafu ule wote ungebaki kuizunguka silinda.

Baada ya hapo alijaza maji na dawa ya kusafishia, akawasha injini ikapata moto kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, akaiacha ipoe, akamwaga. Kisha akaitenga rejeta na kupitisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, bila kutumia nguvu nyingi. Rejeta hizi za zamani za shaba zimeunganishwa kwa risasi, na mpira wa kuoshea magari unaweza kuzifungua viungo. Alirudia hadi maji yakatoka meupe.

Sasa thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta. Haikuwamo! Mtu aliwahi kuitoa, kama wanavyofanya mafundi wengi gari likichemka, na wenye magari hushukuru kwa sababu mshale unashuka kwa muda. Fundi wangu alikataa kulifunga gari bila hiyo, nami nakubaliana naye kabisa. Bila thamostati injini hukawia kupata moto, dizeli hutumika zaidi na asubuhi moshi hujaa uani. Isitoshe, zipo injini ambazo thamostati inapofunguka huziba njia ya pembeni; ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupita kwenye rejeta, na mlimani unachemka vilevile. Alinunua ya nyuzi 82, na kabla ya kuifunga akaitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Ilianza kufunguka maji yakiwa bado hayajachemka. Kipimo hicho ni rahisi na kinafaa hapa kwetu: ikiwa maji yanatokota na thamostati ya 82 bado imefumba, irudishe dukani. Kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni yake kinakaa juu, ili hewa itoke.

Kulanti nilinunua mwenyewe kwenye duka la vipuri, lita 5, ile nzito ambayo haijachanganywa, yenye ethilini glikoli na iliyoandikwa kuwa inafaa alumini. Yangu ni ya rangi nyekundu, lakini usinunue kwa rangi. Rangi ni ya mtengenezaji tu, na barabarani yanauzwa maji yaliyotiwa rangi kwa bei ya soda. Soma lebo, na usichanganye aina mbili. Ya kuchanganyia tulitumia maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa, siyo asidi ya betri. Fundi alitanguliza kulanti, lita nne na nusu, halafu akajazia maji. Ana sababu: ndani ya bloku hubaki maji ya kusuuzia, na ukichanganya nusu kwa nusu nje ndipo ujaze, mwishowe kulanti inakuwa hafifu.

Kutoa hewa kulichukua muda. Gari liliegeshwa pua ikiwa juu, kifuniko wazi, hita kwenye moto, injini ikinguruma polepole huku akiuminya mpira wa juu hadi mapovu yakaisha.

Matokeo nimeyaona mlimani. Na mzigo uleule wa mbolea, mshale unatulia chini kidogo ya nusu hadi Sachangwan. Hita inafanya kazi, na hilo peke yake lingenitosha.

Gharama: kulanti 3,000, thamostati 1,800, kifuniko 700, maji ya betri 300, ufundi 2,000. Jumla 7,800. Dawa ya kusafishia alikuwa nayo. Kupasuka kwa gasketi ya kichwa (ile inayoziba kati ya kichwa na bloku) na kupeleka kichwa kusawazishwa ni mara kadhaa ya hapo.

Kasoro moja sitaificha. Maji ya kwanza yalielekezwa mtaroni, na nikasema hapana. Mitaro ya mji huu inateremka kwenye Ziwa Nakuru, na ziwa lile halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki. Isitoshe kulanti ni sumu yenye ladha tamu, mbwa na kuku huinywa, hata mtoto. Walileta mtungi bila ubishi, lakini ilibidi niseme. Ukienda gereji yoyote, uliza mtungi kabla plagi haijafunguliwa.

Kwa mwenye gari ambalo mafuta ya injini yamekuwa meupe kama yamechanganyika na maji, au rejeta inatoa mapovu mfululizo hata baada ya hewa kwisha, kazi hii haitamsaidia. Hiyo ni gasketi au kichwa kilichopasuka, gari lipimwe kwanza. Wengine, kagueni tangi la akiba kila asubuhi wiki ya kwanza, maana hewa iliyobaki hutoka na kiwango hushuka. Langu lilishuka kidogo, nikaongeza mchanganyiko uleule, likatulia. Fundi ameniandikia nirudi baada ya miaka miwili.