Geji ya joto ya Land Rover yangu: mzigo mzuri, muuzaji ndiye shida

Nyota nilitoa moja, na hiyo moja ilikuwa ya mfuko waliofungia. Geji niliinunua Kariakoo miezi kadhaa iliyopita, pamoja na sensa yake (kile kidude cha kwenye injini kinachohisi joto), kwa ajili ya Land Rover Series III niliyoachiwa na baba. Ile ya zamani ilishakufa, mshale umelala kwenye C, upande wa baridi, siku zote.

Nikamuuliza kijana wa kaunta, waya wa moto, yaani wa kuleta umeme, naunga wapi? Macho kwenye simu. "Mzee wangu, toa moto kwenye swichi, peleka kwenye geji. Kuna nini cha kuuliza hapo?"

Nikafanya hivyo. Safari ya kwanza, Morogoro. Hatujafika hata Mlandizi, mshale uko kwenye nyekundu. Nazima, nafungua boneti: hakuna mvuke, hakuna harufu, rejeta imetulia tuli. Mpaka Chalinze tumesimama mara tatu. Mara ya tatu mama watoto alishuka bila kuuliza, akanunua mahindi ya kuchoma, akaenda kukaa kivulini.

Nilirudi dukani nikiwa nachemka mimi, siyo gari. Jibu? "Umeiunguza mwenyewe. Na hilo gari, mzee, si ulipeleke makumbusho?" Wateja wakacheka.

Nyumbani nikapima kwa hasira. Nilichomoa waya kwenye sensa, mshale ukashuka hadi C. Nikaugusisha kwenye chuma cha injini kidogo tu, ukapanda taratibu kuelekea H, upande wa moto. Waya mzima, geji hai. Sensa nayo nikaichovya ncha kwenye sufuria jikoni, multimita ya kupimia umeme mkononi: maji ya baridi, ukinzani mamia ya omu; yalipochemka, makumi tu. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa mchawi nani?

Nikaangalia geji ya mafuta, ambayo haijawahi kunidanganya. Waya wake hautoki kwenye swichi! Unatoka kwenye kiboksi cha bati nyuma ya dashibodi, stabilaiza, kinachopunguza volti. Geji za aina hii zinataka volti 10, na injini ikiwaka swichi inatoa karibu 14. Ndani ya geji kuna kibati cha metali mbili kinachojipinda kikipashwa joto na umeme, na ndicho kinachosukuma mshale. Ukikizidishia umeme, kinakutangazia joto ambalo injini haina. Nikapima kiboksi: 12, sifuri, 12, sifuri. Nikasonya, nikajua na hiki kimekwisha. Kumbe ndiyo kazi yake, kinakata na kuunga, kinakata na kuunga, wastani unakuwa 10.

Nikahamisha waya mmoja. Mmoja! Tangu siku hiyo mshale unakaa chini kidogo ya katikati, hata kwenye foleni ya Kimara. Kwa hiyo geji niliionea. Nyota tano, naifutia ile moja.

Ila nikikumbuka vile vicheko... hapana, tatu. Angesema tu "ipitishe kwenye stabilaiza", maneno matatu, nisingelala njaa ya usingizi nikiwaza gasketi imeungua. Mbili. Juzi taa ya dashibodi iliungua. Nimenunua duka la jirani yake, halafu nikapita mlangoni kwake na mfuko mkononi, taratibu kabisa.